Mjomba, kaka alipokea fedha za korona za shamba letu na hakuniambia

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Nimesoma majibu yako muda mrefu na najua humung'unyi maneno, ndiyo maana nimekuletea wewe hili kabla halijafika kwa mama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Minnesota. Aliyenileta huku ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Baba alifariki nikiwa sekondari na tangu hapo kaka ndiye amesimama mahali pake: ada, tiketi, karatasi za uhamiaji, hata mahari yangu aliipokea yeye. Nayasema haya mapema usije ukadhani nalalamikia mtu baki.

Tangu 2018 tunalima pamoja mboga za kwetu kwenye ekari sita tulizokodi kwa mkulima mmoja wa mahindi, nje kidogo ya Minneapolis. Mchicha, mnafu, majani ya maboga, bamia, pilipili mbuzi. Kodi ya ardhi tunachanga nusu kwa nusu. Kitalu nyumba nilikitolea dola 4,000 zangu nilizokuwa nimecheza upatu. Kaka ana Kiingereza cha ofisini, kwa hiyo karatasi zote ziko kwake. Mimi ni wa shambani na sokoni, na daftari la mauzo naandika mimi. Msimu ukiisha tunakaa mezani kwake, tunatoa gharama, kilichobaki tunagawana sawa. Fungu langu hunipa taslimu ndani ya bahasha. Mwaka 2019, ambao ndio ulikuwa mzuri, daftari linasema tuliuza dola 48,300 na bahasha yangu ilikuwa na dola 11,000. Hatujawahi kuandikiana kitu. Kodi ya serikali mimi na mume wangu tunafaili kwa mshahara wake wa hospitali. Za bahasha siziandiki kwa sababu kaka alisema shamba ameshalilipia yeye.

Korona ilipoingia unajua mwenyewe. Masoko yalichelewa kufunguliwa, migahawa miwili iliyokuwa ikichukua mnafu ikafunga, harusi zikafutwa, nikawa nafukia mchicha uliokomaa kwa jembe lilelile nililoupandia. Bahasha ya 2020 haikufika dola 4,000. Kaka akaniambia, "Vumilia, Mungu yupo." Masika ya 2021 akaja na pawatila mpya, akajenga na chumba cha ubaridi cha kuhifadhia mboga. Akasema amejipanga. Mwaka huohuo nyumba ya mama kule Tanga ikaezekwa upya. Mimi nikashukuru tu.

Mwezi uliopita kwenye kundi letu la WhatsApp mtu alirusha orodha ya mashamba ya huku kwetu yaliyolipwa na serikali wakati wa korona. Watu wakaanza kutafutana majina kwa mzaha. Jina la kaka likatokea: mkopo wa PPP, Februari 2021, dola 10,000, umesamehewa. Mwingine akachimba kwenye orodha ya Wizara ya Kilimo, akaleta la pili: CFAP 2, dola 5,088. Jina lake peke yake. Langu halipo popote.

Nilimpigia. Akasema, "Ule ulikuwa mkopo, na mkopo ni wa aliyetia saini." Nikamwambia orodha inasema umesamehewa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimeanza kusikiliza maneno ya mitandaoni, akakata simu. Tangu siku ile salamu zetu ni za shingo upande, na miche iko kwenye trei inangoja.

Mume wangu anasema huo ni wizi wa mali ya serikali, niripoti, watu wamefungwa kwa hayo. Wifi amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nzima akinikumbusha nani alinilipia tiketi. Na kuna bwana mmoja kwenye kundi anasema nikimpa dola 500 na namba yangu ya Social Security atanifufulia maombi, na mimi nipate langu la korona.

Mjomba, nusu ya zile fedha si yangu? Kaka ameiba? Nimripoti, au nimeze?

Mimi,
Mwenye Daftari

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Kabla ya kumgusa kaka yako nimechukua kikokotoo, na nakushauri uniache nianzie hapo, kwa sababu tarakimu mbili ulizoniletea zinasema mengi kuliko ujumbe wa sauti wa wifi yako.

CFAP 2 ilikuwa awamu ya pili ya msaada wa Wizara ya Kilimo kwa wakulima walioumizwa na korona. Maombi yalifunguliwa Septemba 2020. Kwa mboga hawakuuliza umepata hasara kiasi gani. Waliuliza uliuza kiasi gani mwaka 2019, na kwa mauzo yasiyofika dola 50,000 walilipa asilimia 10.6. Sasa chukua dola 48,000, zidisha kwa asilimia hiyo. Unapata dola 5,088, bila kuzidi wala kupungua senti.

PPP ilikuwa kitu kingine kabisa. Huo ni mkopo uliotolewa na benki kwa dhamana ya SBA, shirika la serikali la biashara ndogo, na ulisamehewa ukitumika inavyotakiwa. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa Desemba 2020 iliwaruhusu wakulima wanaojitegemea kuhesabu mkopo kwa mapato ghafi yaliyo kwenye fomu yao ya kodi, Schedule F, mstari wa 9, kikomo cha kuhesabia kikiwa dola 100,000. Unagawa kwa miezi 12, unazidisha mara 2.5. Dola 48,000 kwa 12 ni 4,000, mara 2.5 ni 10,000.

Unaona? Malipo mawili, ofisi mbili, hesabu mbili tofauti, na zote zinarudi kwenye dola 48,000. Daftari lako linasema 48,300. Tofauti ya dola 300 kwa mtu anayeuza mafungu ya mchicha kwa taslimu si ya kumpeleka mtu popote. Kaka yako hakuchezea mauzo. Aliandika yaliyouzwa.

Kwa hiyo hilo la "watu wamefungwa" mume wako aliweke pembeni kwanza. Wapo waliofungwa kweli. Mwaka 2021 waandishi wa ProPublica walifichua mamia ya mikopo ya PPP iliyokwenda kwa mashamba ambayo hayakuwepo, likiwemo moja lililodaiwa kuwa la ng'ombe kwenye mji wa ufukweni huko New Jersey ambako ng'ombe hata pa kusimama hana. Huo ni uongo wa kuunda shamba. Lenu lipo, nawe una sugu za mikono za kulithibitisha.

Linabaki swali lako lenyewe: mauzo yale yalikuwa ya nani?

Hapa orodha haikusaidii. Orodha inaonyesha hundi iliandikwa kwa jina gani. Haionyeshi nani alichanga kodi ya ardhi, nani aliamka saa kumi alfajiri kupakia gari. Na nikiwa hapohapo kwenye orodha niseme jambo moja linaloniudhi. Mmecheka dola 5,088 za mchicha, lakini sidhani kama kuna aliyeshuka ukurasa kuangalia walioko juu. Kikomo cha CFAP 2 kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja. Mkulima wa mahindi, kama huyo anayewakodisha, alilipwa si chini ya dola 15 kwa ekari, na ekari zake FSA, ofisi ya Wizara ya Kilimo inayohudumia wakulima, wanazo kwenye kumbukumbu kila mwaka, kwa hiyo karatasi zake zilikuwa nyepesi. Mboga za kuuza kwenye meza ya soko hazina kumbukumbu hiyo. Wengi wetu hawakuomba kabisa, ama hawakujua, ama walidhani ni mambo ya wenye matrekta. Kaka yako aliomba. Angalau fedha ziliingia upande wa shamba lenu.

Sasa tuichukue CFAP peke yake. Yale yalikuwa malipo kwa mzalishaji, yaani mwenye sehemu yake katika mazao na mwenye kubeba hasara yakiharibika. Wewe unachanga nusu ya kodi ya ardhi, umeweka dola 4,000 kwenye kitalu nyumba, faida mnagawana sawa, na mwaka mbaya bahasha yako ilisinyaa. Huo si ukibarua. Kibarua hulipwa hata mchicha ukioza. Kama mngeomba kila mtu na nusu yake, dola 24,000 kwa asilimia 10.6 ni 2,544 kwako na 2,544 kwake. Jumla ni ileile 5,088. Serikali haikupunjwa. Kama kuna aliyepunjwa ni wewe, na kiasi chenyewe ndicho hicho: dola 2,544, kabla ya kodi, kwa sababu CFAP inatozwa kodi kama mapato mengine ya shamba.

PPP ni ngumu zaidi, na sitaki nikudanganye kwamba jibu ni jepesi kama la CFAP. Kwa mkulima asiye na wafanyakazi walioandikishwa, ile dola 10,000 ilihesabiwa kuwa badala ya kipato cha mwenye shamba kwa miezi miwili na nusu. Angeweza kujilipa yote mwenyewe na bado ikasamehewa. Kisheria ilifuata jina lililo kwenye Schedule F, na jina hilo ni lake. Lakini kipato kilichofidiwa kilikuwa cha shamba la watu wawili. Ndiyo maana alinyamaza ulipomwuliza. Mtu asiye na la kujiuliza hanyamazi, hujibu papo hapo.

Kuna kitu kingine hesabu inanidokeza. Kama angekuandika wewe kwenye Schedule F kama kibarua, mstari wa 22, kile kiasi kingetakiwa kupunguzwa kutoka mapato ghafi kabla ya kuhesabu mkopo. Na kwa kuwa bahasha hazikuwa na fomu za mishahara za kukirudisha kwenye hesabu, mkopo ungetoka chini ya 10,000. Haukutoka. Dalili ni kwamba bahasha zako hazikuandikwa kama gharama ya vibarua. Zilibaki ndani ya faida, na faida yote ikawa ya kwake. Maana yake, kama ni hivyo, kaka amekuwa akilipa kodi juu ya fedha zako. Kwa dola 11,000 za 2019, kodi ya kujiajiri peke yake inazidi kidogo dola 1,500, bado kodi ya mapato. Hili alilokuambia, kwamba shamba ameshalilipia yeye, huenda ni kweli tupu. Ukienda kudai nusu ya 15,088 mezani, naye ana karatasi ya kutoa mfukoni.

Basi kitu cha kwanza kumwomba kaka yako si fedha. Mwombe akuonyeshe Schedule F ya 2019 na ya 2020. Kwenye ya 2019 tazama mstari wa 22 kama nimekisia sawa. Kwenye ya 2020, au ya mwaka ule hundi ilipoingia, tazama mistari ya malipo ya programu za kilimo, namba 4, uone kama ile 5,088 imetajwa. Ikiwa imetajwa, aliyeificha hakuificha serikalini, aliificha kwako tu, na hilo ni la nyumbani.

Kuhusu kuripoti. Njia zipo: mkaguzi mkuu wa SBA na mwenzake wa Wizara ya Kilimo hupokea taarifa, na tangu Agosti 2022 sheria inawapa miaka 10 kufuatilia udanganyifu wa PPP, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba muda unaisha kesho. Ningeona ametunga mauzo ningekuambia vinginevyo. Kwa tarakimu hizi, mimi nisingeripoti. Utakuwa unaikabidhi ofisi ya mbali ugomvi wa mgao kati ya ndugu, na ofisi haigawi. Ikikuta kosa itadai fedha zirudi kwake pamoja na riba. Nusu yako haitatoka huko.

Tena kuna mtego. Hoja yako nzuri kabisa ni "sisi ni wabia." Ni hoja ya kweli: kwa sheria ya Minnesota watu wawili wanaoendesha biashara pamoja na kugawana faida wanaweza kuwa wabia hata kama hawajaandikiana mstari. Lakini ubia hufaili kodi kwa fomu yake, na kwa PPP ubia ulihesabiwa kwa faida ya wabia, si kwa mauzo ghafi. Pengine mngepata kidogo kuliko 10,000. Kwa hiyo neno hilohilo linalokupa haki mezani linaweza kumletea kaka maswali kwingine, na wewe pia, kwa sababu mbia mwenye bahasha naye alitakiwa kufaili: mapato ya kujiajiri yakifika dola 400 kwa mwaka yanatakiwa kuripotiwa. Usiandike "ubia" kwenye ujumbe wowote wa simu, wala usikanushe, mpaka umeongea na mwanasheria. Minnesota mna bahati. Kuna FLAG, kikundi cha wanasheria wanaowatetea wakulima, na Wizara ya Kilimo ya jimbo ina Farm Advocates, watu waliozoea mashamba wanaokaa nawe bila malipo kupitia karatasi. Madai ya mkataba huko kwa kawaida hukaa miaka 6, basi usilaze hili mpaka msimu mwingine na mwingine.

Sasa hizo bahasha. Mpwa wangu, dola 2,544 zinauma, lakini bahasha zimekula zaidi. Ili upate pensheni ya Social Security kwa jasho lako unahitaji krediti 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Mwaka 2019 kila krediti ilihitaji dola 1,360 za mapato yaliyoripotiwa. Bahasha yako ya 11,000 ilitosha nne na ikabaki. Hukupata hata moja. Hata ule mwaka mbaya wa 2020, krediti ikiwa dola 1,410, ungepata mbili kama mapato yako ya kujiajiri yaliyohesabiwa yangefika 2,820. Kama dalili zangu ni sahihi, mapato hayo yamejaza hesabu ya uzeeni ya kaka yako, jina lako halimo. Na kuna mlango unaojifunga wenyewe: mapato ya kujiajiri yasiporipotiwa ndani ya miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 baada ya mwaka kuisha, Social Security haiyahesabu tena. Miaka ya mwanzo ya shamba lenu imeshakwenda. Ya karibuni bado inaokoleka, lakini si kwa kukaa ukitazama orodha ya 2021. Hili ndilo ningekimbilia kwa mhasibu anayejua mashamba, wewe na mume wako mkiwa pamoja, kwa sababu fomu zenu mnafaili pamoja.

Nikirudi kwa kaka. Umesema masika ya 2021 alileta pawatila na chumba cha ubaridi. Mkopo ulitoka Februari 2021. Sihitaji kupiga ramli. Sehemu ya PPP imo shambani, na wewe umeitumia kila msimu tangu siku hiyo. Sehemu nyingine, naona, iko juu ya kichwa cha mama Tanga. Hilo la bati ndilo lililonikera kuliko yote, na si kwa sababu mama hakustahili. Alitoa zawadi kwa jina lake peke yake kutoka kwenye jasho la wawili, ukabaki wewe kumpongeza. Mwambie hilo. Mama akijua kwamba binti yake naye ameezeka, hakuna anayepungukiwa.

Usilipeleke kwenye kundi la familia la WhatsApp. Huko kila mtu atamtetea aliyelipa tiketi. Wala usianze na wifi. Nenda shambani siku ya kazi, mkiwa wawili na trei za miche, au kama heshima yenu inataka mtu wa tatu, mtafute mzee mmoja huko huko Minnesota anayejua fomu ya kodi ni nini, asiye na deni kwa yeyote kati yenu. Mwambie kaka hivi, kwa maneno yako: "Kaka, sikuiti mwizi. Nimepiga hesabu, uliandika mauzo sawasawa. Lakini mauzo yale yalikuwa yetu wawili, na mimi ndiye niliyeyaandika kwenye daftari. Nataka nione karatasi, na nataka kuanzia mwaka huu jina langu liwemo." Kisha nyamaza umwache aseme. Usitaje tiketi. Akiitaja yeye, mshukuru kwa tiketi, urudi kwenye karatasi.

Madai yenyewe, kama ningekuwa mimi: nusu ya CFAP, ikipunguzwa kodi aliyolipa juu yake, na si lazima iwe taslimu, anaweza kulipa sehemu yako ya kodi ya ardhi mwaka huu mpaka itimie. PPP nisingeidai kwa fedha. Ningetaka pawatila na chumba cha ubaridi viandikwe kuwa mali ya shamba, nusu yako nusu yake, siku mkiachana mjue mnagawanaje, na kitalu nyumba kiingie humohumo kwa dola zako 4,000. Mume wako ataona nimekulegezea. Mwonyeshe hesabu ya kodi kabla hajanitukana.

Halafu mrekebishe karatasi. Ama mwandikishe ubia rasmi mfaili kama wabia, ama mgawane ekari, tatu zako na tatu zake, kila mmoja na Schedule F yake. Mhasibu na FLAG watawaambia ipi inawafaa; mimi kwa jinsi ninavyosoma barua yako naegemea kugawana ekari, kwa kuwa mmoja wenu ameshazoea kushika karatasi peke yake na tabia hiyo haiishi kwa kikao kimoja. Kwa vyovyote vile, nenda mwenyewe ofisi ya FSA ya kaunti yenu uandikishwe na upate namba ya shamba. Beba kitambulisho, mkataba wa kukodi ardhi na daftari lako. Kiingereza cha ofisini kisikuzuie, uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili. Msaada mwingine ukija, na huko huja kila mara iwe kwa ukame, mafuriko au bei, watakuwa na jina lako.

Yule bwana wa dola 500 hana cha kufufua. PPP ilifungwa 31 Mei 2021. CFAP 2 ilifungwa Oktoba 2021. Hata ile PARP iliyowafidia wakulima ambao mapato yao ya 2020 yalishuka, ilipokea maombi ya mwisho Julai 2023. FSA haitozi fedha kupokea maombi, na anachokitaka hasa ni hiyo namba ya Social Security. Kama umeshamtumia, niambie haraka, na leo hii fungia taarifa zako za mikopo kwa kampuni zote tatu zinazotunza rekodi hizo: Equifax, Experian na TransUnion. Haina gharama.

Ukishaiona Schedule F ya 2019, niandikie mstari wa 22 una nini. Majina yafiche.

Mjomba